Je, Wajua? Chakula, Kidonge na VVU Mwambao wa Rumonge

Ukishika barabara ya ziwani kutoka Bujumbura kwenda kusini, baada ya kilomita 70 hivi unaingia Rumonge: michikichi upande wa milima, mitumbwi upande wa maji, Kiswahili kila kona ya soko. Sehemu kubwa ya chakula anachohitaji mtu anayeishi na VVU huvuliwa, hulimwa na kuuzwa hapa hapa. Safu ya leo inahusu chakula hicho, na kwa nini dawa bila chakula hufanya kazi nusu.

MWILI UNADAI ZAIDI

Je, wajua kwamba VVU huongeza mahitaji ya chakula hata kabla mtu hajaugua? Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mtu mzima mwenye VVU asiye na dalili yoyote anahitaji nishati zaidi kwa asilimia 10. Magonjwa nyemelezi yakianza, nyongeza hiyo hufika asilimia 20 hadi 30. Mtoto mwenye VVU anayepungua uzito huhitaji nyongeza ya asilimia 50 hadi 100.

Je, wajua kwamba asilimia 10 si mzigo mkubwa kama inavyosikika? Kwa mtu anayehitaji kalori 2,400 kwa siku, ni kalori 240. Konzi moja ya karanga na ndizi mbivu moja huziba pengo hilo.

Je, wajua kwamba si lazima kuhamia kwenye nyama? Fungu la protini katika mlo wa mwenye VVU linabaki lile lile la mtu mwingine, yaani asilimia 12 hadi 15 ya nishati yote. Kinachotakiwa ni kula zaidi kidogo ya kila kitu, kwa mchanganyiko, na mara nyingi zaidi kwa siku.

Je, wajua kwamba utapiamlo na VVU huitana? Virusi hudhoofisha kinga, maradhi hupata mlango, mdomo huota utando mweupe, tumbo huharisha, hamu ya kula hupotea. Asiyekula naye kinga yake hushuka zaidi. Kila mzunguko humwacha mtu mwembamba kuliko mwanzo, na dawa peke yake huchelewa kuukata.

Je, wajua kwamba watu wa Maziwa Makuu waliujua Ukimwi kwa wembamba kabla ya kuwa na kipimo cha damu? Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao waliandika katika jarida la Lancet juu ya ugonjwa wa Rakai ambao wananchi wenyewe walikuwa wameupa jina la wembamba, "Slim". Mwalo wa wavuvi wa Kasensero, kwenye Ziwa Victoria, ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa mapema na vibaya.

Je, wajua kwamba Burundi ina VVU kwa kiwango cha chini lakini utapiamlo kwa kiwango cha juu sana? Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016–2017 ulikuta takriban asilimia 0.9 ya watu wa miaka 15 hadi 49 wana VVU. Utafiti huo huo ulikuta asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, mojawapo ya viwango vya juu kabisa duniani. Anayepata VVU hapa anaweza kuvipata katika nyumba ambayo tayari ina njaa.

MIZANI NA UTEPE

Je, wajua kwamba mizani ya kliniki ni kipimo cha thamani kama cha damu? Aliyekuwa na kilo 60 akafika 54 bila kukusudia amepoteza asilimia 10 ya mwili wake. Hiyo ni dalili ya hatari, na haipaswi kusubiri tarehe ijayo ya kuchukua dawa.

Je, wajua kwamba mtu mwenye urefu wa sentimita 165 akishuka chini ya kilo 50 anahesabiwa kuwa na uzito pungufu? Hapo kipimo cha uzito kwa urefu (BMI) kinakuwa chini ya 18.5. Anayeanza dawa za kufubaza VVU (ARV) akiwa amekonda hivyo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kufa, hasa katika miezi mitatu ya kwanza ya matibabu. Ndiyo maana kupima mapema kunaokoa: mtu huanza dawa akiwa bado na nyama mwilini.

Je, wajua kwamba kipande cha utepe kinaweza kumwokoa mtoto? Mhudumu huuzungusha katikati ya mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kijani ni salama, njano ni tahadhari, na nyekundu, chini ya milimita 115, ni utapiamlo mkali. Kazi yenyewe haizidi dakika moja. Na mtoto anayekutwa kwenye nyekundu anapaswa kupimwa VVU pia, kwa sababu mara nyingi hali hizo mbili huja pamoja.

Je, wajua kwamba aliyekonda kupita kiasi hapaswi kulishwa kwa pupa? Mwili uliozoea njaa ukijazwa chakula kingi ghafla, chumvichumvi za damu huvurugika na moyo unaweza kusimama. Apelekwe kituo cha afya aanzishiwe kidogo kidogo.

DAGAA, MAWESE NA SOMBE

Je, wajua kwamba ndagala, dagaa wetu wa Tanganyika, wana faida ambayo minofu ya samaki wakubwa haina? Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake, na kichwa chake. Ndani ya konzi moja kuna protini, madini ya chuma, zinki, na chokaa ya mifupa yote kwa pamoja. Mukeke wa kuchoma, ambao upande wa Kigoma huitwa migebuka, ni mtamu, lakini mifupa yake huachwa sahanini.

Je, wajua kwamba mahali dagaa wanapoanikwa huamua ubora wao? Nenda mwaloni asubuhi jua linapochomoza. Dagaa waliotandazwa juu ya mchanga hugeuzwa kwa mkono, kuku wanapita juu yao, mvua ikinyesha wanaoza, na ukiwatafuna unasikia changarawe kwenye meno. Hatua chache pembeni kuna kichanja cha wavu kilichoinuliwa hadi kiunoni: hewa inapita juu na chini, dagaa wanakauka haraka, wanabaki na rangi ya fedha. Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) lilifundisha ujenzi wa vichanja hivi katika kijiji cha Mvugo, kusini zaidi kwenye mwambao huu, na majirani wakaiga. Kwa mwenye kinga dhaifu, dagaa wa kichanjani ni salama zaidi kuliko wa mchangani.

Je, wajua kwamba mbalamwezi hubadilisha mlo? Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukijaa, taa hupoteza nguvu na mitumbwi hupumzika, na bei ya samaki hupanda. Nyumba yenye mgonjwa iweke akiba ya dagaa wakavu kabla ya siku hizo.

Je, wajua kwamba dagaa wa kukaanga bila mafuta, wakasagwa, huweza kuingia kwenye uji? Kijiko kimoja cha unga huo kwenye uji wa mahindi, mtama na soya humfaa mtoto, na humfaa pia mtu mzima ambaye vidonda vya mdomo vinamzuia kutafuna.

Je, wajua kwamba rangi nyekundu ya mawese ni chakula? Ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri inavyohitajika. Rumonge ni kitovu cha michikichi Burundi, kwa hiyo tunakaa juu ya hazina hiyo. Lakini ukiyachoma mawese hadi yakawa meupe, karotini imeungua na hazina imekwenda na moshi.

Je, wajua kwamba lengalenga bila mafuta hukupa sehemu tu ya faida yake? Karotini ya mboga za majani haifyonzwi vizuri bila mafuta. Kijiko cha mawese kwenye sufuria kinatosha.

Je, wajua kwamba muhogo wenyewe una protini kidogo mno, lakini majani yake yanayo? Ugali wa muhogo hushibisha, haujengi. Sombe iliyotwangwa na kuchemshwa vya kutosha ili sumu yake itoke, ikapikwa na dagaa na karanga, inaujaza upungufu wa ugali huo.

Je, wajua kwamba tone la ndimu hulainisha njia ya madini ya chuma? Maharage yana chuma, lakini mwili hukichukua kwa shida. Ndimu, pera au kipande cha embe la uwanda wa Imbo pamoja na mlo huongeza kiasi kinachoingia kwenye damu. Chai ya rangi hufanya kinyume, kwa hiyo isubiri saa moja baada ya kula.

KIDONGE NA SAHANI

Je, wajua kwamba kidonge kinachotumika sana leo hakilazimishi kula kwanza? Kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir humezwa na chakula au bila chakula. Usiache dozi kwa sababu sufuria haijainjikwa.

Je, wajua kwamba vidonge vya chuma anavyopewa mjamzito vinaweza kuzuia dolutegravir isifyonzwe? Dawa hizo mbili zimezwe pamoja na chakula. Kama chakula hakipo, dolutegravir itangulie kwa saa mbili, au ingoje saa sita baada ya kidonge cha chuma. Vidonge vya kalsiamu hufuata kanuni hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba wapo wanaoruka dozi kwa hofu ya njaa? Watafiti waliozungumza na wagonjwa wa Mbarara, Uganda, waliambiwa jambo hilo waziwazi: dawa huleta hamu kubwa ya kula, na asiye na cha kula huona afadhali asiimeze. Mhudumu anayeuliza "Umekunywa dawa?" aulize pia "Nyumbani mnapika mara ngapi kwa siku?"

Je, wajua kwamba Mwislamu anayetumia ARV anaweza kupanga dozi yake wakati wa Ramadhani? Kidonge cha mara moja kwa siku humezwa saa ya futari au ya daku, baada ya kuzungumza na mhudumu wake kabla ya mwezi kuandama. Na mgonjwa dhaifu ana ruhusa ya kutofunga, asijitese.

Je, wajua kwamba mvuvi anaweza kuondoka na dawa za miezi kadhaa? Dagaa hawajui mipaka. Mtu anaweza kuvua Rumonge mwezi huu, na mwezi ujao yuko Nyanza-Lac, Kigoma au Kalemie. WHO inapendekeza kwamba mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi mitatu hadi sita kwa mkupuo. Anayesafiri aombe, asingoje kukwama.

Je, wajua kwamba hatari ya sasa ni ya pande mbili? Majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini na Kamerun yameonyesha kuwa wengi wanaotumia dolutegravir huongezeka uzito, hasa wanawake. Sehemu ya uzito huo ni afya kurudi. Lakini ukizidi, ukaambatana na soda, maandazi na bia, hufungulia mlango kisukari na shinikizo la damu. Mizani inamhusu mnene pia.

Je, wajua kwamba hakuna mzizi wala kikombe kinachochukua nafasi ya ARV? Mwaka 2011 maelfu ya watu, wengine kutoka nchi jirani, walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mmoja. Wapo wenye VVU walioacha dawa zao baada ya hapo. Virusi havikuondoka. Kitunguu saumu, mlonge na tangawizi ni vyakula vizuri. Viliwe kama vyakula.

VITAMINI ZA KOPO

Je, wajua kwamba Dar es Salaam imeufundisha ulimwengu mengi juu ya VVU na vitamini? Kuanzia mwaka 1995, wajawazito 1,078 wenye VVU walifuatiliwa huko, wakati ARV zilikuwa bado hazijawafikia. Mchanganyiko wa vitamini B, C na E ulipunguza kasi ya ugonjwa. Lakini vidonge vya vitamini A peke yake viliongeza uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto. Hilo linahusu dozi kubwa za vidonge, wala halihusu mawese au maembe.

Je, wajua kwamba dozi kubwa si dozi bora? Katika jaribio jingine la Dar es Salaam, wagonjwa 3,418 walioanza ARV walipewa vitamini za kiwango cha kawaida au cha juu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: kiwango cha juu hakikupunguza vifo, na ini lilionyesha dalili za kuelemewa. Pesa ya kopo la vitamini inunue mayai.

Je, wajua kwamba fedha kidogo kwa wakati wake hufanya mengi? Mkoani Shinyanga, watu wazima 805 walioanza ARV na wenye uhaba wa chakula walipewa ushauri wa lishe, na wengine wakaongezewa fedha au kapu la chakula kwa hadi miezi sita. Waliofuata dawa vizuri walikuwa asilimia 63 kwa ushauri pekee, 79 kwa chakula, na 85 kwa fedha. Ushauri wa kula vizuri humfaa mtu mwenye cha kununulia.

MAMA NA MTOTO

Je, wajua kwamba mama mwenye VVU anayetumia ARV sawasawa anashauriwa kunyonyesha? WHO inasema maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonyesha huku akimpa vyakula vingine, angalau hadi mwaka mmoja, na anaweza kufika miaka miwili au zaidi.

Je, wajua kwamba maji ya kijiko kabla ya miezi sita yanaweza kudhuru? Watafiti wa Durban walionyesha mwaka 1999 kuwa watoto walionyonya huku wakipewa na vitu vingine mapema waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya tu. Bibi mwenye nia njema asimwonjeshe mjukuu uji wala maji.

Je, wajua kwamba pakiti ndogo ya gramu 92 inabeba kalori 500? Ni mchanganyiko mzito na laini wa karanga, maziwa ya unga, mafuta na sukari, uliobuniwa mwaka 1996 kwa ajili ya watoto wenye utapiamlo mkali. Hauhitaji maji wala moto, na mtoto mwenye VVU hutibiwa kwa pakiti hizo hizo. Ni dawa ya mtoto huyo. Haigawanywi kwa ndugu zake.

Je, wajua kwamba matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano yalifanywa bure Burundi mwaka 2006? Mama asimfiche mtoto nyumbani kwa kuogopa bili.

Je, wajua kwamba Burundi ina vikundi vya kurejesha lishe ambapo akina mama hupika pamoja siku 12? Mwenyeji ni mama wa kijiji ambaye wanawe wana afya ingawa ni maskini kama wenzake; huitwa "maman lumière". Kila mmoja huleta alichonacho, huyu lengalenga, yule dagaa, mwingine mawese, na watoto hupimwa mwanzoni na mwishoni. Hakuna kinachopikwa ambacho jirani hawezi kukipata.

ZIWA LINALOBADILIKA

Je, wajua kwamba joto la ziwa hupunguza samaki? Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Upepo huyachanganya maji na kupandisha rutuba kutoka chini. Mwaka 2003 watafiti waliandika katika jarida la Nature kuwa maji ya juu yanapozidi joto, mchanganyiko huo hupungua, na chakula cha samaki nacho hupungua. Ziwa likikonda, wanaolitegemea hukonda nalo, na mgonjwa hutangulia.

Je, wajua kwamba maji machafu yanaweza kufuta kazi ya chakula kizuri? Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu Januari 2023, na mwambao wa ziwa ni eneo la kipindupindu tangu zamani. Mafuriko ya 2024 yaliingiza ziwa ndani ya nyumba na vyoo vya watu. Kuharisha siku chache humnyang'anya mwenye VVU kilo alizozitafuta kwa miezi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, hata yakionekana safi.

SAHANI MOJA

Je, wajua kwamba VVU haviambukizwi kwa kula pamoja? Si kwa sahani, si kwa kikombe, si kwa mkono katika ugali mmoja. Na anayetumia ARV hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Anayetengewa sahani yake pembeni hula kidogo na kwa aibu, na siku nyingine haji kabisa kula. Unyanyapaa hupunguza kilo.

Je, wajua kwamba Mrundi wa kwanza kutangaza hadharani kuwa anaishi na VVU alikuwa mwanamke? Jeanne Gapiya-Niyonzima alianzisha chama cha ANSS mwaka 1993, nchi ikiwa inaingia vitani na ARV zikiwa ndoto. Kituo cha chama hicho Bujumbura kinaitwa Turiho, yaani tupo. Wengi wanaomeza dawa zao leo bila kujificha wanatembea njia aliyoisafisha yeye na wenzake.

Je, wajua kwamba ARV hutolewa bure, lakini hakuna dirisha la kliniki linalotoa ugali na dagaa kila siku? Sehemu hiyo ya tiba imeachiwa nyumba, jirani, msikiti, kanisa, chama cha wavuvi na serikali. Ukimjua mtu wa mwaloni anayemeza dawa na kulala njaa, mpelekee dagaa leo. Kisha muulize mhudumu wa kituo chako kwa nini mizani ipo na jedwali la uzito halijazwi, na usiondoke bila jibu.